UCHUMI WA MJI WA ZANZIBAR NA HALI YA UHALIFU: UFAFANUZI KWA WATUMISHI NA WANANCHI

Kwa muda mrefu sasa umekuwapo mjadala katika baraza za mitaa, maofisini na ndani ya daladala juu ya hali ya Mji wetu wa Zanzibar. Wapo wanaosema kuwa mji umeneemeka: majengo yanaongezeka, wageni wanamiminika na maduka yanafunguliwa kila pembe. Wapo vile vile wanaosema kuwa mji umeharibika: mlango haulazwi wazi tena kama zamani, mikoba huporwa njiani na vijana wanapotea katika dawa za kulevya. Kila upande una ushahidi wake, na mara nyingi kila upande humwona mwenziwe kuwa ama ni mpambe ama ni mchochezi.

Makala hii haikusudii kumpa ushindi mtu yeyote. Makusudio yake ni kuwafafanulia watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla mambo manne: mji umekua kiasi gani, riziki yake inatoka wapi, takwimu za uhalifu husomwa vipi, na ni kwa nini ukimya wetu wenyewe huweza kuudhuru mji kuliko habari mbaya.

MJI UMEKUA KIASI GANI

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, ambamo ndani yake umo mji na viunga vyake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 893,169 katika mkoa huo huo. Kwa maneno mengine, katika muda wa miaka kumi tu wameongezeka watu wapatao laki tatu, yaani nusu ya wale waliokuwapo mwanzo. Zanzibar nzima, Unguja na Pemba, ilikuwa na watu 1,889,773 mwaka 2022. Hivyo basi, karibu kila Wazanzibari wawili, mmoja wao anaishi Mjini Magharibi.

Ongezeko hili lina maana kubwa. Mashamba ya miembe na minazi ambayo wengi wetu tuliyapita utotoni sasa ni mitaa yenye nyumba zilizobanana, na nyingi kati ya hizo zilijengwa kabla ya kufika barabara, mtaro au taa. Jirani hamjui jirani. Zamani mtoto mtundu alikanywa na mzee yeyote wa mtaa, na habari zikafika kwao kabla yeye hajafika. Katika mtaa mpya mzee huyo hajui mtoto ni wa nani, naye akimkanya huchelea kuambiwa kuwa hayamhusu. Hapa ndipo panapoanza sehemu kubwa ya tatizo tunalolizungumza, kabla hata hatujafika kwenye mambo ya fedha.

RIZIKI YA MJI INATOKA WAPI

Kwa zaidi ya karne moja Zanzibar ilitegemea karafuu. Bei ya zao hilo katika soko la dunia ilipoporomoka katika miaka ya 1980, hasa baada ya Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, kuanza kujitosheleza kwa karafuu zake yenyewe, ilibidi kutafutwe njia nyingine. Milango ya biashara na uwekezaji ikafunguliwa kuanzia katikati ya miaka hiyo, na utalii ukachukua nafasi ya mbele. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Matunda yake yanaonekana. Mwaka 2019 waliingia wageni zaidi ya 538,000, na mwaka 2023 waliingia zaidi ya 638,000. Hata hivyo, baina ya miaka hiyo miwili upo mwaka 2020, ambapo kwa sababu ya maradhi ya korona idadi ilishuka hadi kiasi cha 260,000. Mwenye hoteli aliumia, lakini walioumia zaidi ni mpagazi, dereva, mvuvi aliyekuwa akiuza pweza wake hotelini na mama aliyekuwa akipika chapati za wafanyakazi. Uchumi unaotegemea mgeni hutegemea pia sifa ya mahali, na sifa ni kama kioo.

Fauka ya hayo, wananchi watakumbuka kukatika kwa umeme kulikodumu takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na kwengine kulikodumu takriban miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waya wa chini ya bahari uliolazwa mwaka 1980 ulikuwa umechoka. Pampu za maji zilisimama, mafundi cherehani na wachoma vyuma walikaa bure, samaki waliharibika majokofuni, na usiku kila aliyetoka nje alitembea na tochi na hadhari. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013. Somo la miezi ile halifai kusahauliwa: taa moja ya njiani ni nyenzo ya uchumi na papo hapo ni nyenzo ya ulinzi. Muuza urojo anauza mpaka saa nne za usiku kwa sababu njia inaonekana, na mporaji hupenda kona isiyoonekana.

NAMNA YA KUSOMA TAKWIMU ZA UHALIFU

Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hutoa taarifa za makosa ya jinai yaliyoripotiwa, pamoja na taarifa za vitendo vya udhalilishaji. Wengi huzichukua namba hizo na kuzitumia katika mabishano bila ya kuzingatia misingi mitatu.

Msingi wa kwanza ni idadi ya watu. Tuchukue mfano wa kufikirika. Tuseme mwaka 2012 uliripotiwa wizi mara 600 katika mkoa wetu, na mwaka 2022 ukaripotiwa mara 800. Msomaji wa haraka atasema wizi umezidi. Lakini tukigawa kwa idadi ya watu, tutaona kuwa mwaka wa kwanza ni wizi wa mara 101 kwa kila watu 100,000, na mwaka wa pili ni mara 90. Idadi imepanda, lakini uwezekano wa mtu mmoja kuibiwa umeshuka.

Msingi wa pili ni mpaka wa hesabu. Mgeni akiibiwa Forodhani, kosa linahesabiwa katika makosa ya mji, lakini yeye mwenyewe hamo katika sensa ya wakaazi. Jambo hili huikumba miji mingi. Mji wa St. Louis nchini Marekani ulijitenga na wilaya iliyouzunguka mwaka 1876, na mpaka huo haujabadilika hadi leo. Mwaka 2020 wakaazi wa ndani ya mpaka walikuwa 301,578 tu, ilhali eneo zima linaloutegemea mji huo lina watu wapatao milioni mbili na laki nane. Makosa yanayotendwa ndani ya mpaka yanagawanywa kwa wakaazi wachache, na kila mwaka mji huo unatajwa miongoni mwa ya hatari zaidi. Hakuna anayekanusha kuwa uhalifu upo huko, lakini mpaka nao una sehemu yake katika sifa hiyo.

Msingi wa tatu, nao ni mkubwa kuliko yote, ni kuwa takwimu huhesabu kilichoripotiwa, na si kilichotokea. Idadi ikipanda huenda wahalifu wamezidi, na huenda pia waliokuwa wakinyamaza wameanza kusema. Kituo cha Mkono kwa Mkono kilipofunguliwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011, kwa ajili ya kuwahudumia waliofanyiwa udhalilishaji pahala pamoja, kulipatikana mlango ambao hapo kabla haukuwapo. Palipo na mlango watu huingia, na wakiingia huhesabiwa. Aliyeona idadi inapanda akasema kuwa kituo ndicho kilicholeta maovu, mtu huyo hakufanya insafu.

MUHALI

Kwa mnasaba huo hatuna budi kulitaja neno ambalo kila mmoja wetu analijua: muhali. Mwenye duka anavunjiwa dukani kwake usiku. Asubuhi anaambiwa na majirani kwa sauti ya chini kuwa aliyefanya ni kijana wa nyumba ya tatu. Baba wa kijana huyo walisoma chuo kimoja, na mama yake ndiye aliyempokea mkewe alipojifungua. Mwenye duka anafikiri, anashusha pumzi, ananunua kufuli jipya. Haendi polisi wala haendi kwa sheha.

Hakuna atakayemlaumu mtu huyu kwa kuthamini ujirani. Lakini tuangalie matokeo. Kijana hakupata wa kumzuia na sasa anajua kuwa mtaa unamwonea muhali. Duka la pili litavunjwa na mtu asiyejuana na baba yake, na huenda huyo akamkamata na kuita watu, na mtoto akapigwa na kundi hadi kuumia au kufa, jambo ambalo ni jinai kwa kila aliyenyanyua mkono. Na katika daftari la kituo mtaa ule unaonekana shwari kabisa. Doria, taa na askari hupangwa kwa kufuata makosa yanayojulikana, na mtaa ulionyamaza hauna cha kuonesha. Waswahili wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Kuna muhali mwengine, nao ni wa sisi watumishi wa umma. Baadhi yetu hudhani kuwa kuutaja uhalifu ni kuwafukuza wageni. Ni kweli kuwa habari mbaya husafiri. Agosti 2013 wasichana wawili wa Kiingereza walimwagiwa tindikali katika Mji Mkongwe, na dunia ikazipata habari hizo mara moja. Agosti 1997 fujo za Likoni, Mombasa, zilizoanza kwa kuvamiwa kituo cha polisi na kivuko, ziliwakimbiza wageni katika hoteli za pwani ya Kenya na wafanyakazi wengi wakarejeshwa majumbani. Lakini katika matukio yote mawili, kilichoharibu sifa ni kitendo chenyewe. Mgeni haogopi mji unaosema ukweli na kuchukua hatua. Mji anaouogopa ni ule unaomwambia kuwa hapana kitu, kisha akaporwa akiwa njiani kurudi alikofikia.

JE, UMASIKINI NDIO UNAOLETA UHALIFU?

Suala hili huulizwa sana, na jawabu lake halitaki pupa. Masikini wengi wa mji huu hawajawahi kugusa cha mtu, na wapo waliokula amana nao wameshiba. Hata hivyo kijana aliyemaliza skuli, akakaa mwaka wa pili barazani bila ya kazi, huku magari ya watalii yakipita mbele yake kuelekea Nungwi na Paje, anakuwa mwepesi kushawishika. Heroini iliyoanza kuenea visiwani tokea miaka ya 1980 iliwapata vijana wa namna hiyo, na mtumiaji aliyeshikwa na arosto huiba chochote kilicho karibu, aghalabu cha nyumbani kwao. Kwa sababu hiyo, nyumba za kurekebisha tabia zilizoanza mwaka 2009 zinafanya kazi ya tiba na pia ya kupunguza wizi.

Mfano wa mbali unaotajwa sana ni mji wa Medellín nchini Colombia. Mwaka 1991 waliuawa huko zaidi ya watu 350 kwa kila 100,000, kiwango cha kutisha. Mwaka 2004 mji huo ulifungua usafiri wa vigari vya kuning'inia kwenye waya, ukaviunganisha vitongoji masikini vya mlimani na kazi za bondeni, kisha ukajenga huko maktaba na skuli. Mauaji yalipungua sana katika miaka iliyofuata. Wapo watafiti wanaosema kuwa sehemu ya upungufu huo ilitokana na kundi moja la wahalifu kuyashinda mengine, na si maendeleo peke yake. Inafaa tuujue upande huo pia, ili tusidhani kuwa mradi mmoja hutibu kila kitu. Lakini funzo linabaki: mtaa uliofikiwa na barabara, taa, skuli na kazi una watu wengi wenye cha kukilinda.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Kutokana na maelezo hayo, wananchi wanakumbushwa yafuatayo:

(a) Kosa likitokea, liripotiwe kituo cha polisi kilicho karibu na mlalamikaji adai namba ya kumbukumbu ya taarifa yake. Katika dharura ipigwe namba 112.

(b) Sheha ajulishwe juu ya njia zenye giza, nyumba zilizoachwa magofu na watu wasiojulikana shughuli zao. Taarifa isiwe uvumi wala fitina. Iwe ya jambo lililoonekana.

(c) Aliyejeruhiwa apelekwe kutibiwa na apatiwe fomu ya polisi, maarufu PF3, ili ushahidi usipotee.

(d) Mtuhumiwa akikamatwa akabidhiwe kwa askari. Kumpiga ni kosa, na huweza kumwangamiza asiyehusika.

(e) Watumishi wanaopokea malalamiko wayapokee kwa heshima na wayaandike yote. Mwananchi aliyerudishwa mara moja na kuambiwa "njoo kesho" hatorudi tena.

Mji huu si mbaya kama wanavyousema wanaoukatia tamaa, wala si salama kama wanavyousema wanaouremba. Ni mji unaokua haraka, wenye riziki inayotegemea sifa, na wenye watu wanaopendana kiasi cha kuoneana muhali. Mapenzi hayo ndiyo mali yetu kubwa, na kheri yake ni yule kijana wa nyumba ya tatu kuzuiliwa mapema na wanaomjua, kabla hajaangukia mikononi mwa wasiomjua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa kwanza wa kuzibwa ni huu wa kunyamaza.