Kabla ya Kukata Sauti ya Mzee Wako

Miaka michache nyuma nilimrekodi marehemu shangazi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, akiimba nyimbo za vugo alizoziimba harusini enzi za ujana wake. Alikaa barazani, pikipiki zikipita, na kila baada ya ubeti hukohoa kidogo kisha akasema maneno mawili matatu. Usiku nikaitia sauti ile kwenye Audacity nikaanza kusafisha. Kikohozi nje, maneno yale nje. Nilipomaliza nikaihifadhi kwa jina lile lile. Kompyuta ikaniuliza kama niibadilishe faili iliyopo. Nikabonyeza ndiyo.

Shangazi alipofariki, binamu yangu akaniuliza wimbo wa tatu ni utungo wa nani. Shangazi alikuwa ameshamtaja mtunzi, kwenye maneno niliyoyakata.

Vijana wanaorekodi kaswida na taarab majumbani huniuliza sana mambo haya, basi nieleze hatari ilipo.

Audacity, ambayo ni ya bure, ukiingiza sauti huchukua nakala na kuiweka ndani ya mradi. Faili ya asili haiguswi mpaka wewe mwenyewe utoe sauti mpya kwa jina lile lile, kama nilivyofanya mimi. Ndani ya mradi, ulichokata waweza kukirudisha kwa Ctrl na Z maadamu mradi uko wazi. Ukishaufunga, historia ile imekwenda. Tangu toleo la 3.1 la mwaka 2021, ukifupisha kipande kwa kuvuta ncha yake, kilichofichika hubaki na huvutika tena. Lakini ukipunguza kelele kupitia menyu, sauti yenyewe ndiyo imebadilika.

Reaper ina tabia nyengine. Kipande unachokiona pale ni kama dirisha tu la kutazamia faili. Kikate utakavyo, faili iko vile vile. Hata ukigandisha vipande viwe kimoja, huandika faili mpya na kuiacha ya zamani. Tena waweza kukifunga kipande kisisogezwe kwa bahati mbaya. Wengi hudhani hapo wamesalimika, kumbe mradi wa Reaper umeshika anwani ya sauti tu. Futa ile faili ukidhani ni takataka, na mradi wako utafunguka ukiwa bubu.

Siku hizi sifungui programu yoyote kabla ya kuweka nakala mbili, moja nje ya nyumba. Kisha kwenye Windows nabonyeza faili ya asili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, naingia Properties, naweka alama ya Read-only. Usingizi ukinichukua saa sita za usiku, kompyuta itakataa kuandika juu yake. Kazi iliyosafishwa naipa jina jengine kabisa.

Na asili iwe WAV, dakika moja ya stereo kwa kiwango cha CD ni kama MB 10. MP3 ni ya kutumiana WhatsApp. Kila ukiifungua, ukaihariri na kuihifadhi tena kwa MP3, sauti hupungua.

Kuhusu wimbo wa tatu, nimewauliza kina mama wawili waliopiga vugo pamoja na shangazi. Mmoja aniambia mtunzi ni mtu wa Lamu, mwengine akataa katakata.