Unbwogable: Hii Neno Ilitoka Wapi?
Kama ulizaliwa juzi, labda umeskia wasee wazima wakisema "unbwogable" ukadhani ni Kizungu ya kitabu. Wapi! Katikati kuna "bwogo", Kijaluo ya kutisha mtu. GidiGidi na MajiMaji waliichukua wakaibandika Kizungu mbele na nyuma, ikawa: hatutishiki. Ngoma ilitoka 2002, na haikutungiwa chama chochote. Ilikuwa ya maboyz wawili wanahustle, wanajipea moyo. Lakini NARC waliidandia kwa mikutano zao, na Desemba hiyo KANU, iliyokalia kiti tangu 1963, ikang'olewa. Hata wasiojua Kijaluo waliiimba. Gidi mwenyewe? Wengi wenu mnamjua tu kama yule jamaa wa Patanisho.