KIBALI KIMFUATE FUNDI KIJIJINI

Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, nguzo za umeme zimefika katika maelfu ya vijiji vya nchi yetu. Nyuma ya nguzo hizo yamefuata majokofu: ya chanjo katika zahanati, ya samaki katika mialo ya Ziwa Viktoria, na matangi ya kupozea maziwa ya wafugaji. Hayo ni maendeleo ya kujivunia. Lakini jokofu ni mashine, na mashine huharibika. Hapo ndipo linapozuka swali: ni nani mwenye ruhusa ya kulitengeneza?

Anayetandaza nyaya za umeme katika jengo hutakiwa kuwa na leseni ya EWURA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Gesi za kupozea zinazoharibu tabaka la ozoni nazo zina kanuni zake. Hatusemi hata kidogo kwamba masharti hayo yaondolewe. Gesi ya R-22 huliharibu tabaka hilo, na mataifa yamekubaliana, chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, kuiondoa hatua kwa hatua. Gesi ya R-600a, iliyomo katika majokofu mengi mapya, haina dhara hilo, lakini hushika moto upesi. Fundi anayechomelea bomba lake bila kuitoa kwanza anacheza na roho yake na za wenzake. Kibali, basi, ni ushahidi kwamba mikono ya mtu huyo imefundishwa.

Tatizo letu ni umbali. Fundi wa kijijini mara nyingi amejifunza kwa kukaa miaka mingi chini ya fundi mkubwa, wala hana cheti. Kukitafuta mjini ni nauli, ni malazi, ni siku za kazi zilizopotea. Mwenye kipato kidogo akipiga hesabu hiyo, huiacha safari na kufanya kazi kwa kificho. Nayo zahanati inayoheshimu sheria hukaa ikimsubiri fundi kutoka mkoani.

Kusubiri huko kuna gharama. Chanjo nyingi huhitaji kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Joto likizidi huharibika. Na chanjo ya pepopunda ikiganda kwa baridi hupoteza nguvu vilevile. Mtoto akichomwa chanjo iliyokufa, mama yake hurudi nyumbani akiamini kuwa mwanawe amekingwa.

Rai yetu ni hii. VETA, iliyoundwa mwaka 1994, tayari ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Upimaji huo upelekwe wilayani kwa mafundi wa majokofu, na maofisa wa leseni na wa mazingira wakutane nao mahali pamoja, siku moja. Halmashauri haiwezi kushindwa kutoa ukumbi. Mafundi nao wajitokeze, na kila zahanati na kila chama cha ushirika kidai kuona kibali kabla ya kumkabidhi mtu jokofu.

Tumeyatoa majokofu mjini tukayafikisha kijijini. Hatuoni sababu ya kibali kushindwa safari hiyo hiyo.