Kondomu na mafuta ya mgando

Mafuta ya mgando hayakosekani dukani. Anza vijiji vya kata ya Vugiri, juu kwenye milima ya Usambara, teremka hadi mjini Korogwe: kikopo kipo, na muuza duka hakuulizi unakwenda kukitumia wapi. Kondomu nazo zipo, ukivumilia macho ya watu. Balaa huanza viwili hivi vinapokutana. Kondomu nyingi hutengenezwa kwa utomvu wa mti wa mpira, na mafuta huula mpira huo. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani walizipaka kondomu mafuta ya madini, jamii moja na haya ya mgando. Ndani ya sekunde 60 uimara wake ulikuwa umeshuka kwa karibu asilimia 90.

Kwa hiyo mwanaume anayelala na mwanaume mwenzake, akavaa kinga kama alivyofundishwa kisha akapaka kilichopo nyumbani, anaweza kuwa amevaa kitu kilichokwisha kazi kabla ya kuanza. Huyu si mzembe. Somo alilopewa lilikuwa nusu.

Hiyo nusu iliyokosekana ina uzito wake kibayolojia. Uke una ngozi laini ya tabaka nyingi na majimaji yake. Njia ya haja kubwa, ndani, imefunikwa na tabaka moja tu la seli. Haijilainishi yenyewe, huchanika kirahisi, na chini yake zimejaa seli za kinga ambazo VVU huzitafuta. Makadirio yanayotumiwa na wataalamu ni haya: kwa matendo 10,000 bila kinga na mtu mwenye virusi asiyetumia dawa, anayeingiliwa kinyume na maumbile angeambukizwa mara 138 hivi, na mwanamke anayeingiliwa ukeni mara 8. Anayeingilia kwa nyuma ni kama mara 11, kwa hiyo naye hayuko salama.

Sasa kumbuka mabango tuliyokua nayo tangu wagonjwa wa kwanza nchini walipogunduliwa Kagera mwaka 1983. Yalichora mume na mke, dereva na mhudumu wa baa, mwanafunzi na fataki. Watafiti waliozungumza na wanaume wanaolala na wanaume wenzao, Tanzania na pwani ya Kenya, wamekuta baadhi yao wakiamini kwamba UKIMWI ni ugonjwa wa mwanaume na mwanamke, na kwamba njia ya nyuma ni salama. Binafsi siwalaumu. Ukinyamaziwa jambo miaka thelathini, utadhani halina hatari.

Kuwahesabu watu wanaojificha ni kazi ngumu, na namna ilivyofanyika Tanga inastahili kuelezwa. Kwa wanaume wanaoingiliana, Sheria ya Kanuni za Adhabu inatoa kifungo kisichopungua miaka 30, na chaweza kufika maisha. Hakuna atakayejitaja mlangoni. Watafiti wakaanza na wachache waliowaamini, wakawapa kuponi za kuwaletea wenzao, na wenzao nao wakaleta wengine, mnyororo ukarefuka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha maambukizi ya asilimia 30.2 kwa wanaume waliofikiwa Dar es Salaam na asilimia 11.1 kwa wale wa Tanga. Taifa zima, kwa watu wazima, lilikuwa karibu na asilimia 5. Njia hii ina kasoro yake: Unguja ilitoa asilimia 12.3 mwaka 2007 na 2.6 mwaka 2011, tofauti kubwa mno, na huenda minyororo miwili iligusa watu wasiofanana. Hata hivyo hakuna anayeweza kusema tatizo hili ni la Ulaya tu. Wengi wa wanaume hao wana wapenzi wa kike, wengine wameoa. Kirusi hakibaki upande mmoja wa kitanda.

Ulaya na Australia kuna habari inayoonekana kufanana na yetu, nayo hupotosha. Huko nako kondomu zinaachwa. Sydney na Melbourne, wanaume wa kundi hili waliosema wanazitumia kila mara na wapenzi wa kupita walishuka kutoka asilimia 46 mwaka 2013 hadi 31 mwaka 2017. Lakini katika miaka hiyohiyo, waliokuwa wakimeza PrEP, dawa za kujikinga kabla ya kukutana na virusi, walipanda kutoka asilimia 2 hadi 24, na maambukizi mapya yakapungua. Kaswende na kisonono hazizuiliwi na kidonge hicho, hiyo ni hasara ya kweli. Ila kinga moja iliondoka na nyingine ikakaa mahali pake.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Julai 2016 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alipiga marufuku vilainishi vya maji, ambavyo haviharibu mpira, kwa hoja kwamba vinachochea ushoga. Februari 2017 vituo 40 vikazuiwa kutoa huduma za VVU kwa wanaume hawa na makundi mengine yaliyo hatarini. Mafuta ya mgando yakabaki dukani. Kwa hesabu ya afya, ule uamuzi ulikuwa kosa: uliondoa kitu salama na kuacha kinachopasua kondomu. Mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, kisha ikaruhusu PrEP ya fedha zake kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu, wanaume hawa wakarudishwa nyuma tena.

Na kijana wa Vugiri? Muuguzi wa zahanati anaweza kuwa shangazi yake. Atateremka Korogwe, au aende Tanga asikojulikana, na hata huko asiseme kilichomleta.

Basi yafaa ayajue haya mapema. Kilainishi cha kondomu kiwe cha maji au silikoni. Mwenye VVU anayemeza dawa hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia jozi 782 za wanaume bila kukuta hata ambukizo moja kutoka kwa mwenza wa aina hiyo. Na kondomu ikipasuka, kuna dawa za dharura, PEP. Humezwa siku 28, na zinapaswa kuanza kabla ya saa 72 kupita.