VVU Vilivyolala (3): Malengelenge Yanapoviamsha

Juma lililopita tuliona jinsi VVU vinavyojipenyeza katika vinasaba vya chembe za kinga za CD4 na kunyamaza humo, mahali ambapo dawa za ARV hazivifikii. Leo tuulize ni nini huviamsha.

Huamka chembe yenyewe inapochokozwa. Na mchokozi aliye karibu nasi mno ni kirusi cha HSV-2, chenye kuleta malengelenge ya sehemu za siri. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007 ulikikuta kwa asilimia 35 ya Wakenya wa miaka 15 hadi 64. Miongoni mwa wenye VVU, walikuwa nacho takriban wanane katika kila kumi. Wengi hawajui.

HSV-2 nacho hulala, kwenye neva zilizo karibu na uti wa mgongo. Kikizinduka hushuka hadi kwenye ngozi, yakatoka malengelenge madogo yenye maji, yakapasuka na kuwa vidonda. Mwili hukimbiza CD4 hapo kupambana. Ishara zilezile zinazoziamsha chembe hizo ndizo zinazoamsha VVU vilivyomo ndani yake. Mwaka 2009 watafiti wa Seattle walionyesha kwamba hata kidonda kikishapona, chembe hizo husalia pale kwa miezi.

Basi tukitibu malengelenge, tutazuia VVU? Swali hilo liliulizwa hapa kwetu: Kisumu, Thika, Eldoret, Nairobi, na hata Moshi, Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka wa Holili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Walishiriki jozi 3,408 za wapenzi wa nchi saba; katika kila jozi, mmoja alikuwa na virusi vyote viwili na hakuwa ameanza ARV. Baadhi ya hao walipewa dawa ya malengelenge, asaiklovia, miligramu 400 mara mbili kwa siku, wengine kidonge kisicho na dawa. Vidonda vilipungua kwa asilimia 73, na VVU katika damu kwa zaidi ya asilimia 40. Lakini walioambukizwa na wenzi wao walikuwa 41 upande wa asaiklovia na 43 upande wa pili!

Kwangu mimi, hesabu hiyo inatosha. Asaiklovia huponya kidonda, na mwenye kidonda amwonyeshe muuguzi bila haya. Ila kinachozuia VVU vilivyoamka visiingie chembe mpya ni ARV iliyomo damuni siku hiyo. Mchuuzi wa ndizi anayeruka dozi siku ya soko, Jumatano au Jumamosi, ili kopo la dawa lisionekane sokoni Taveta anaziacha chembe mpya bila kinga.

Juma lijalo: saitomegalovirusi.