Beseni la Maji Halizuii Sumu ya Jiko

Mamlaka ya Hali ya Hewa huhesabu msimu wa kipupwe kuanzia Juni hadi Agosti, lakini wakazi wa Makete, Njombe, Mafinga na Tukuyu hawangoji kalenda. Safari hii baridi imewahi, na mablanketi yametolewa sandukuni Mei ikiwa bado mbichi. Swali nalo limewahi. Kila baridi inapoingia, mimi na wenzangu wa afya ya mazingira huulizwa jambo lile lile: “Nikiuacha mkaa ukolee nje hadi moshi uishe, kisha nikaliingiza jiko chumbani na kuweka beseni la maji pembeni, si tutalala salama?”

Hapana. Hamtalala salama, na huenda msiamke.

Tumelijibu swali hili redioni, kwenye mikutano ya vijiji, kliniki za wajawazito na, kwa uchungu, misibani. Linarudi kwa sababu limesimama juu ya imani inayofanana na busara: kwamba sumu ya jiko ni moshi, hivyo moshi ukiondoka sumu nayo imeondoka, na kama kuna kilichobaki, maji yatakinyonya. Nusu zote mbili za imani hiyo ni uongo. Ya kwanza ndiyo inayojaza makaburi.

Moshi unaouona jiko linapowashwa ni unyevu, lami na mabaki ya kuni ambayo hayakuiva vizuri kwenye tanuri. Unawasha macho, unakohoza, unakufukuza. Gesi inayoua ni nyingine, kaboni monoksaidi, nayo haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haikeri koo. Hutokea pale kaboni inapoungua bila oksijeni ya kutosha, na katikati ya jiko lililokolea ndipo penyewe. Hewa inayopanda kutoka chini ya jiko hukutana na makaa ya kwanza ikageuka kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo inapozidi kupenya kati ya makaa mekundu ya juu, hunyang’anywa sehemu ya oksijeni yake na kuwa kaboni monoksaidi. Ule mwali mdogo wa buluu unaochezacheza juu ya jiko ni gesi hii yenyewe ikiungua. Isiyoungua inaingia chumbani. Mwali ukizimika na makaa yakaanza kuvaa majivu, gesi huendelea kutoka na hakuna tena moto wa juu wa kuiteketeza. Kwa hiyo jiko unaloliona limetulia, jekundu, lisilo na moshi hata chembe, ndilo hasa la kuogopwa.

Sasa maji. Kaboni monoksaidi karibu haiyeyuki majini. Lita moja ya maji, hata ukiizungushia gesi hii tupu bila hewa nyingine yoyote, hupokea takriban mililita 23 basi. Kilo moja ya mkaa ikiungua hutoa gesi hii kiasi cha gramu 200 hivi kwa makadirio ya wapimaji, yaani zaidi ya lita 170. Chukua ndoo nzima ya lita 20, achilia mbali beseni: katika hali bora kuliko zote ingemeza gesi isiyofika nusu lita. Na chumbani hali hiyo bora haipo, kwa kuwa gesi imechanganyika na hewa, kwa hiyo ndoo itapata sehemu ndogo mno ya hiyo nusu lita. Lita zilizobaki zote ni zenu mliolala.

Kuna wanaotia chumvi kwenye maji. Chumvi hupunguza uwezo wa maji kuyeyusha gesi. Kuna wanaotumbukiza vipande vya limao au kitunguu. Havifanyi lolote. Beseni lina kazi moja tu: huongeza unyevu kwenye hewa iliyokaushwa na moto, koo halikauki, na mwenye nyumba anaamini hewa imesafishwa. Hapo ndipo imani ilipopatia nguvu.

Tupige hesabu ya chumba cha kawaida cha kupanga, mita 3 kwa 3, kimo mita 2.5. Gramu 200 za gesi zikibaki humo ni karibu miligramu 8,900 kwa kila mita ya ujazo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mtu asikae zaidi ya saa moja penye miligramu 35. Tuseme sehemu tisa kati ya kumi zimetorokea kwenye nyufa na chini ya mlango. Inayobaki bado ni mara 25 ya kiwango hicho, na familia haikai humo kwa saa moja, inalala usiku kucha.

Ndani ya mwili, kazi ya kubeba oksijeni ni ya hemoglobini iliyo kwenye damu. Kaboni monoksaidi huing’ang’ania hemoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ni abiria aliyekalia siti ya daladala na hashuki kituo chochote: gari linapita limejaa, na wenye safari wanabaki barabarani. Haya si mageni. Mfaransa Claude Bernard aliyaeleza mwaka 1857, na Mskoti John Scott Haldane akaipima gesi hii kwa kuivuta mwenyewe katika miaka ya 1890. Haldane ndiye aliyewashauri wachimba makaa ya mawe washuke mgodini na wanyama wadogo, kwa kuwa kiumbe mdogo anayepumua haraka huzidiwa kabla ya mtu mzima. Mama unayelala na kichanga karibu na jiko, fahamu kwamba mwanao anapumua haraka kuliko wewe.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kuishiwa nguvu. Mtu anadhani ni malaria au mafua, anajilaza, anavuta blanketi. Aliyekwisha kulala hapati hata onyo hilo, usingizi wake unazidi tu kuwa mzito. Wote wa nyumba moja wakiamka na maumivu ya kichwa, kisha wakapata nafuu baada ya kutoka nje, hiyo si malaria. Ni jiko.

Hapo wazee hunijibu kwamba wao walikua wamelala kando ya moto na hawakufa. Ni kweli, na sababu iko kwenye nyumba. Nyumba ya nyasi ilipumua paani, kuta zake hazikukutana na paa, na moto wenyewe ulikuwa wa kuni. Moshi ulimwumiza kila mtu macho na kifua, na magonjwa yake tunayajua, lakini ukizidi ulimwamsha mtu akafungua mlango. Leo tuna kuta za tofali zilizopigwa plasta, dirisha la alumini na vioo, dari ya jipsamu, na chini ya mlango tumechomeka kanga ili upepo usipenye. Tumeziba nyumba, kisha tukaleta moto usiotoa onyo. Uzoefu wa babu hauwezi kutumika kama ushahidi wa usalama katika chumba hicho.

Maswali mengine niyamalize kwa mkupuo. Dirisha likiachwa wazi kidogo? Hakuna anayejua “kidogo” ni kiasi gani usiku ambao upepo umetulia, na dirisha la kutosha kutoa gesi litatoa na joto uliloliwashia jiko. Gesi si inakaa chini, na sisi tunalala kitandani? Uzito wake unakaribiana na wa hewa, hivyo huenea chumba kizima. Mkaa mbadala wa vumbi au pumba je? Nao ni kaboni, unatoa gesi ile ile. Jiko likiwekwa koridoni? Koridoni ni ndani. Likifunikwa majivu? Linaungua polepole hadi alfajiri, likitoa gesi.

Na maziwa. Nyumba nyingi zina hakika kwamba aliyezidiwa na jiko akinyweshwa maziwa sumu inakatika. Sumu hii imo kwenye damu, imeingilia mapafuni, haijapita tumboni hata tone. Mtu aliyelegea ukimnywesha kitu chochote kinaweza kuingia njia ya hewa akapaliwa na kufa kwa maziwa yako. Kinachomwokoa ni oksijeni. Fungua milango, mtoe nje upesi bila wewe kukawia ndani, kama hapumui na unajua kumsaidia kupumua fanya hivyo, mkimbize hospitali. Akivuta hewa ya kawaida, mwili huchukua saa 4 hadi 5 kupunguza gesi kwa nusu tu. Kwa oksijeni tupu ya hospitali huchukua kama saa moja au moja na nusu. Waambieni wahudumu waziwazi kwamba palikuwa na jiko ndani, kwa sababu kile kifaa kinachobanwa kidoleni huisoma damu yenye gesi hii kana kwamba imejaa oksijeni. Mjamzito aende hospitali hata kama anajisikia vizuri, maana mtoto aliye tumboni huchelewa kuitoa gesi kuliko mama yake.

Njia za kupata joto zipo, na nyingi ni za gharama ndogo. Zianze wiki hii, baridi haijakomaa.

Bati hupoteza joto haraka usiku wa anga jeupe, kwa hiyo dari, hata ya maturubai au mikeka iliyotandazwa vizuri, ndiyo matengenezo ya kwanza. Ziba nyufa za fremu za madirisha na chini ya mlango, kwa sharti kwamba hakuna moto utakaolala ndani. Acha jua liingie mchana, funga mapazia mazito kabla halijatua. Sogeza kitanda mbali na ukuta wa nje, weka mkeka au blanketi kuukuu chini ya godoro, maana baridi hupanda kutoka sakafuni. Vaa soksi na kofia kitandani. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa barabara na kuzungushiwa taulo inapasha miguu kwa muda mrefu, ila kwa mtoto mdogo itolewe kabla hajalazwa, isije ikamuunguza. Kichanga joto lake ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, na wote wawili wafunikwe. Wauguzi huwatunza watoto njiti kwa njia hiyo hiyo. Hita ya umeme ichomekwe moja kwa moja ukutani, mbali na pazia, wala isichangie waya na vifaa vingine. Mwenye uwezo ajenge sehemu ya kuotea moto yenye dohani hadi juu ya paa, na ahakikishe haijaziba kwa masizi au viota. Mkitaka kuota jiko jioni, oteni jikoni au barazani milango ikiwa wazi, kisha jiko litoke kabla ya mtu wa kwanza kulala.

Baridi hiyo hiyo hupiga na mazao, hivyo bustani nayo isisahauliwe. Sakitu, ule umande ulioganda ukaonekana kama unga mweupe juu ya majani, hupiga usiku mtulivu usio na mawingu, na hupiga zaidi mabondeni kwa kuwa hewa baridi hutiririka kushuka. Ndiyo maana vinyungu, yaani bustani za mabondeni, huungua huku shamba la mlimani likipona. Miche ya nyanya, maharage na parachichi changa ipandwe kwenye mteremko, bondeni ibaki kabichi na mboga nyingine zinazostahimili. Mwagilia mchana ili udongo unyonye joto la jua. Udongo mkavu hauhifadhi joto. Funika miche kabla ya machweo kwa shuka, magunia au nyasi zilizoshikiliwa na fito, na ufunue jua likitoka. Nailoni isiguse majani. Usiweke mbolea ya kukuzia wakati huu, majani mateketeke ndiyo ya kwanza kuungua. Viazi vikaguliwe ukungu kila siku baada ya asubuhi za mawingu na manyunyu. Mmea ukiungua usiung’oe wala kuukata mara moja, subiri uone machipukizi yanatokea wapi. Na msichome nyasi shambani kwa kudhani moshi utazuia sakitu. Hauzuii.

Ombi langu ni kwa wote wenye dhamana juu ya usingizi wa wengine. Mwenye nyumba za kupangisha, waambie wapangaji wako leo. Msimamizi wa bweni, kagua vyumba kabla ya taa kuzimwa. Mwajiri wa mlinzi, mpe koti zito na blanketi ili asilazimike kujifungia kibandani na jiko. Bibi unayemuuguza mzazi, mpe mablanketi, usimpe moto chumbani. Jiko likishapika na kuotwa, litolewe nje lilale huko hadi asubuhi, na beseni la maji lirudi kwenye kazi yake ya kufulia.