SOMO LA LEO: MAKOMBO GANI YAFAA KWA KUKU?

Leo tutazungumza juu ya chakula cha kuku, bata na njiwa tunaowafuga nyumbani.

Kila jioni watu wengi huwamwagia ndege wao makombo. Jambo hilo ni jema, lakini si makombo yote yafaayo. Pumba safi, wali na ugali wa leo, mchicha na maganda ya mayai yaliyopondwa yafaa. Vyakula vya chumvi nyingi, maharage mabichi, na maganda na kokwa la parachichi havifai.

Lakini adui mkubwa ni ukungu, yaani kuvu. Mara nyingi twasikia: "Mahindi haya yameota ukungu, tuwape kuku." Tusifanye hivyo! Kuvu nyingine hutoa sumu iitwayo sumukuvu, nayo huharibu ini. Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa. Wataalamu walipochunguza, waliona kuwa wamelishwa mashudu ya karanga yenye sumu hiyo.

Sumu hiyo haiishi kwa kuku. Yaweza kuingia katika ini lake na mayai yake, nasi tukala. Na mahindi yenyewe huua watu. Mwaka 2004, nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kuosha na kupika hakuiondoi yote.

Basi tufanye nini? Anika mahindi juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo. Kabla ya kuyaweka ghalani, yapime hivi. Tia punje chache katika chupa kavu ya kioo, ongeza chumvi kavu kidogo, funga, kisha tikisa. Ngoja dakika 15. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado yana maji, yaanike tena. Isiposhikamana, yamekauka. Yaweke juu ya chaga, mbali na sakafu.

Yaliyoota ukungu yafukie shimoni. Najua kutupa debe la mahindi huuma. Lakini kufiwa huuma zaidi.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini tusiwape kuku mahindi yenye ukungu?
2. Nyumbani kwako mahindi huanikwa wapi?
3. Chumvi ikishikamana na chupa, utafanya nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.